Maji ya kunde yasigeuke majivu: nilivyopima skrini na kuchagua lenzi

Studio yangu ipo Ngamiani, Tanga, chumba kimoja chembamba. Riziki ya kila siku ni picha za pasipoti, lakini kazi zinazolipa ni maharusi, na wazee wanaotaka picha ya kutundika sebuleni. Hao ndio walionilazimisha kuishika kwa uzito habari ya rangi ya ngozi. Kwenye skrini picha zilikuwa nzuri. Zikirudi kutoka kusafishwa, bibi harusi wa maji ya kunde amepauka, na mweusi wa kung'aa amezama gizani hata shavu halijulikani na kivuli. Mama mmoja alifungua albamu, akaifunga, akanirudishia.

"Mwanangu, binti yangu alisingwa wiki nzima. Haya majivu mmeyatoa wapi?"

Nilikuwa na mambo matatu ya kutenganisha: skrini, chumba na lenzi. Nilianza na skrini, kwa sababu usipoiamini skrini huwezi kuihukumu lenzi.

Monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeng'arishwa ili zivutie dukani. Ukihariri mbele ya mwanga mkali hivyo, unaridhika na picha ambayo kwa kweli ni nyeusi, na karatasi haina taa nyuma yake ya kuisaidia. Nilimwomba mwenzangu wa Dar es Salaam aniuzie Spyder aliyokuwa haitumii tena. Ni kifaa kidogo kinacholazwa juu ya kioo cha monita. Programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, kifaa kinazisoma, kisha inatengenezwa profaili ya kurekebisha tofauti. Programu niliyotumia ni DisplayCAL, haiuzwi.

Kabla ya kupima niliiacha monita iwake nusu saa, nikazima ile hali ya usiku inayotia unjano, nikaondoa mapambo yote ya kiwandani kwenye menyu yake. Malengo yangu: nyeupe ya Kelvini 6500 (sawa na ya mchana), gama 2.2 (namna giza linavyopanda kufikia nuru), na mwangaza wa kandela 100 kwa mita ya mraba. Mara ya kwanza skrini itaonekana imefifia mno, utadhani imeharibika. Vumilia, macho yatazoea. Kipimo hicho peke yake kilimaliza karibu malalamiko yote ya picha kuwa nyeusi.

Onyo moja kwa wenye kompyuta za mapajani za bei nafuu: ikiwa kioo ni cha TN, aina ya bei rahisi, ukiinamisha kidogo tu rangi inabadilika, na hakuna profaili itakayokuokoa. Mimi nahariri kwenye monita ya IPS, aina ambayo rangi yake haiyumbi ukiitazama kwa upande, iliyounganishwa pembeni. Kioo cha kompyuta yenyewe nimekiachia menyu na mafaili.

Chumba nacho kilikuwa na lake. Ukuta nyuma ya monita ulikuwa wa feruzi, rangi inayopendwa sana huku pwani, na mimi pia naipenda. Lakini jicho likikaa na feruzi muda mrefu, ngozi kwenye skrini inaonekana nyekundu kuliko ilivyo. Unapunguza wekundu, unaridhika, na karatasi inatoka kijivu. Niliupaka ukuta ule kijivu cha kawaida na kuweka pazia zito dirishani. Chumba hakipendezi tena, ila rangi zimetulia.

Sehemu iliyobaki ya upaukaji ilitoka kwenye faili. Kamera ilikuwa imewekwa Adobe RGB, mfumo wa kuandika rangi wenye upana mkubwa, na mashine ya kusafishia ikalisoma faili kama sRGB, mfumo mwembamba wa kawaida. Hapo rangi zote hunywea, na ngozi ndiyo inayoonyesha kwanza. Sasa kila kinachokwenda kusafishwa nakitoa kwa sRGB.

Nikihariri, siliachii jicho peke yake. Naweka kishale katikati ya shavu, siyo penye mng'ao, nasoma namba: nyekundu iwe juu, kijani ifuate, buluu iwe chini. Mpangilio huo unashika kwa mweupe, kwa maji ya kunde na kwa mweusi ti. Kinachotofautiana zaidi ni kina cha rangi. Buluu ikiisogelea kijani, majivu yanakuja. Penye mng'ao usipime, maana ngozi nyeusi inaakisi anga, na anga letu ni la buluu.

Ubao wa ColorChecker, ubao wa rangi wa kupimia kamera uliotoka mwaka 1976, una miraba 24, na wa kwanza kabisa ni ngozi nyeusi. Kabla yake, tangu miaka ya 1950, maabara za filamu zilikuwa zikirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Watu wetu waliopigwa picha zamani wakatoka bila sura wana haki ya kununa.

Sasa lenzi. Watu huuliza ipi ina rangi nzuri, na ni kweli zinatofautiana: yangu moja huvuta kwenye unjano, nyingine ni baridi kidogo. Hilo linatibika kwa kupiga picha kadi ya kijivu, ya kusawazishia rangi, kila unapobadilisha lenzi. Lisilotibika ni kuvu. Tanga ina joto na unyevu, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi huota nyuzi ndani ya vioo. Mwanga unatawanyika, unavuja kwenye vivuli, na weusi wa ngozi unakuwa wa ukungu. Ngozi nyeupe inaweza kuvumilia hali hiyo, ngozi nyeusi haivumilii. Kabla ya kununua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma. Zangu zinalala kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, na kila lenzi huvaa kofia yake ya kukinga jua hata kivulini.

Kuhusu urefu wa lenzi, kamera yangu ni Canon yenye sensa ndogo, kwa hiyo milimita 50 inaona kama 80 kwenye sensa kubwa. Hiyo ndiyo ya studio. Ya 85 ni tamu, lakini chumbani kwangu mgongo unagonga ukuta kabla uso haujaenea, basi naitumia Raskazone, asubuhi, jua likiwa bado laini. Lenzi pana ya karibu inakuza pua, na kosa ni la umbali: rudi nyuma, pua inarudi mahali pake. Tundu la lenzi nalifunga hadi f/4, ili kofia ya mzee na masikio yake vyote viwe safi. Chini ya mwarobaini simweki mtu bila kitambaa cheupe mbele yake, kwa kuwa majani yanamwaga ukijani usoni.

Skrini naipima upya kila mwezi. Simu za wateja siwezi kuzipima. Nyingi hukoleza rangi, na WhatsApp huminya faili. Kwa picha ya kutundika, mteja anakuja dukani, tunatoka na sampuli ndogo mlangoni penye mwanga wa mchana, anailinganisha na mkono wake mwenyewe. Akikubali naagiza saizi kamili, akikataa narudi kwenye namba.