Seramu ya pinki ilivyonizungusha

Katika jaribio langu la sumu ya ini, panya wa kundi linganishi walidungwa mafuta ya zeituni matupu, bila tone la sumu. Majibu yalipotoka, AST yao, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia, ilikuwa juu, inakaribia ya wenzao waliodungwa kaboni tetrakloridi. Usiku ule sikupata usingizi.

Sumu hii ina hila yake. Inapofika kwenye ini, kimeng'enya CYP2E1 huivunja, na katika kuvunjwa huko huzaliwa radikali huria zinazoharibu mafuta ya utando wa seli. Yaani ini lenyewe ndilo linaloinoa silaha ya kujiulia. (Kidokezo: usiipimie kwenye kikombe cha plastiki. Changu kililainika mkononi. Tangu hapo ni kioo tu, tena ndani ya kabati la kufyonza hewa.)

Nilishuku nimechanganya chupa. Lakini nilipowapasua niliona kwa macho yangu: ini la panya wa mafuta ni jekundu la damu ya mzee, linang'aa, la panya wa sumu limepauka, lina mabaka. Ini linasema hivi, mashine inasema vile.

Fundi wetu wa maabara hakutazama hata jedwali. "Lete tyubu zenyewe nizione." Akaziinua kwenye mwanga. Seramu, yaani maji ya damu yanayobaki ikishaganda, badala ya kuwa manjano hafifu, ilikuwa ya pinki.

Kumbe chembe nyekundu za damu nazo zina AST, na zikipasuka huimwaga ndani ya seramu na kuitia pinki. ALT, kimeng'enya kingine tunachopima, ndiyo inayolisemea ini zaidi, na ya kundi linganishi ilikuwa imetulia pale pale kwenye jedwali. Mimi niliipita mbio.

Kosa lilikuwa la mikono yangu. Sindano nyembamba mno, navuta kwa pupa, halafu naisukuma damu kwenye tyubu kupitia sindano ile ile. Kuongeza panya kukanilazimu kuomba upya kibali cha maadili, wiki nzima za kusubiri. Duru ya pili nilitumia sindano nene kidogo, nikavuta taratibu, nikaichomoa sindano kabla ya kuiteremsha damu ubavuni mwa tyubu, nikaiacha dakika 30 igande ndipo nikaizungusha kwenye mashine ili seramu ijitenge.

Kwenye hadubini, seli zilizokufa zilikuwa zimeuzunguka mshipa wa kati, penye CYP2E1 nyingi. Slaidi za kundi linganishi zilikuwa safi. Seramu nayo ilitoka manjano, isipokuwa tyubu moja. Nikaandika "pinki" daftarini, AST yake sikuipima.