Piga, ila uso usitokee

Binti yangu alikuwa anatafuta picha ya bibi yake kwenye simu yangu, kazi ya shule sijui ya somo gani. Kidole kikasimama kwenye picha moja: mwanamke wa fulana ya njano, mikono ameinyoosha ubavuni, nyuma yake ukuta mkongwe wa matofali. Shingo ipo, kichwa hakipo.

"Mama, mbona huyu umemkata kichwa?"

Nikamwambia alikuwa mrefu, hakuenea. Hakuniamini. Akaendelea kumtafuta bibi yake, mimi nikabaki na ile picha kichwani siku nzima.

Ilikuwa Jumapili, Julai 7, 2019, bustani ya Haggerston, mashariki ya London, kwenye UK Black Pride, tamasha la watu weusi wanaopenda wa jinsia yao. Aliyenipeleka ni jirani yangu, yule Mjamaika wa chini. Mei 24 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imekataa kufuta vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai ya Kenya, vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja, na mimi niliisoma hukumu ile nikiwa zamu, nimejifungia chooni, na huko huko chooni nikalia mpaka wakanigongea mlango. Dawa ya jirani kwa kila ugonjwa ni kumtoa mtu nje. Kwa hiyo alinitoa.

Kwenye basi alinisimulia lilikoanzia tamasha lenyewe. Mwaka 2005 wanawake weusi waliojuana kwenye intaneti walikodi basi wakaenda Southend-on-Sea, pale Thames inapomwagika baharini. Mmoja wa waliolianzisha jambo hilo ni Phyll Opoku-Gyimah, huyu wanayemwita Lady Phyll, ambaye mwaka 2016 alikataa MBE, nishani ya heshima ya dola ya Uingereza, kwa sababu sheria zinazotufunga huko kwetu ziliachwa na dola ile ile inayogawa nishani. Mimi nilidhani mambo haya huanza na mabango na virungu. Kumbe hili lilianza kama safari ya chama: changa nauli, funga chakula, twende pwani. Hapo nikaelewa kwa nini jirani alikuwa amebeba sufuria, ingawa nilijua langoni wangemsumbua nalo. Na walimsumbua.

Mwaka ule tamasha lilikuwa limehama kutoka Vauxhall, na bustani ilifurika. Zamani hapo palikuwa na kiwanda cha gesi, vita vikuu vya pili vikakibomoa, na kuta zake bado zimezunguka sehemu ya majani. Upande wa kusini kuna shamba la mifugo, la kweli kabisa, na upepo ukigeuka unapata harufu ya mbuzi katikati ya manukato ya watu. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula, nikaona bei ya sahani ya wali, nikaropoka, "Yarabi!"

Nyuma yangu sauti ikasema, "Shikamoo dada. Wewe wa Mombasa?"

Alikuwa wa Temeke. Alikuwa ametoka Dar mwaka uliotangulia, baada ya mkuu wa mkoa kutangaza kikosi cha kusaka watu kama sisi na kuwaomba wananchi wapeleke majina. Serikali ilisema huo si msimamo wake, lakini majina ukishayataja mtaani hayarudi mdomoni. Hakunisimulia zaidi ya hapo, nami sikumchimba. Alichotaka ni kitu kimoja: nimpige picha ya kuweka kwenye ombi lake la hifadhi, kama ushahidi. Kamera ya simu yake ilikuwa imepasuka.

Tukaenda ukutani. Akanipa mgongo. Nikapiga. Akaja kutazama.

"Wakili amesema lazima uso uonekane. Vinginevyo watasema ni mtu yeyote."

"Basi geuka."

Akageuka, akafunika uso kwa kipepeo cha karatasi cha kujipepea walichokuwa wanagawa. Nikapiga. Akakishusha mpaka mdomoni, yakabaki macho. Nikapiga. Kila mara alikuwa anakuja, anaikuza picha kwa vidole viwili, anatazama kama mtu anayekagua noti. Halafu anaangalia nyuma yangu: ni nani mwingine ana simu? Mama yake yuko Mbagala, wadogo zake wako kwenye makundi ya WhatsApp, na picha haina pasipoti.

"Piga, ila uso usitokee sana," akasema. Mimi nikacheka, yeye hakucheka.

Ndipo ikatoka ile picha isiyo na kichwa. Ilikuwa ya kujaribu. Kisha akavua miwani, akaniambia sasa, haraka. Alisimama kama anayepigwa picha ya kitambulisho, visigino pamoja, kidevu juu. Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wanapigana busu, mwingine anapita na fungu la maua ya soko la Columbia Road, mziki unatikisa matofali. Yeye peke yake amekauka.

"Tabasamu basi, mdogo wangu."

"Nikitabasamu watasema naigiza."

"Na usipotabasamu?"

Akafikiri. "Watasema sikuwa na furaha pale, kwa hiyo si mwenzao."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mtu hawezi kurudishwa kwao na kuambiwa akaishi kwa siri asidhurike. Uamuzi mzuri. Ila ukishasema mtu asilazimishwe kujificha, kuna anayeketi mezani akisubiri uthibitisho kwamba hajajificha. Watu wa basi la Southend hawakuhitaji kumwonyesha mtu yeyote kwamba wamefurahi.

Nilipiga picha kama alivyotaka, nikamtumia zote, akasimama juu yangu mpaka nikafuta kila yenye uso. Ile isiyo na kichwa alisema ibaki, haina madhara. Kisha DJ akabadilisha wimbo, jirani akamvuta mkono, na kwa muda mfupi nilimwona anacheza, fulana imelowa, anaimba maneno asiyoyajua. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikupiga.

Karatasi zake zilitoka baadaye sana, baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Kama zile picha zilisaidia au zilimponza, wakili hakuwahi kumwambia.

Mwaka 2022, tamasha lilipohamia bustani ya Olimpiki kule Stratford, nilimpigia nikamwambia njoo tukale, safari hii hakuna anayehitaji ushahidi. Akacheka sana. Akasema Jumapili kazini wanalipa mara moja na nusu, na yeye huko alishakwenda akasimama vya kutosha.