Kadi 214 na darasa lisilo na paa

Leo ni wiki ya tatu tangu upepo uondoke na paa la darasa letu, na ndiyo kwanza nimepata nguvu ya kuandika. Nimekaa barazani kwangu hapa Bwera, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Milima ya Rwenzori imeshajifunika ukungu wake wa jioni, na pembeni yangu kuna boksi la biskuti lenye kadi 214. Nimezihesabu mara mbili.

Ilikuwa saa tisa na nusu mchana, kipindi cha mwisho. Joto la siku ile lilikuwa la kutoa jasho mtu akiwa amekaa tu, na wenyeji tunajua kwamba joto la namna hiyo mwezi wa Machi haliji peke yake. Wingu likashuka kutoka upande wa mlima, jeusi ti. Kilichonishtua si ngurumo, ni misumari. Msumari wa bati ukichomoka kwenye mbao hulia, na ikichomoka mingi kwa pamoja inalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Nikapaza sauti, "Chini ya madawati!" Bati la kwanza likanyanyuka, likapigapiga mara mbili tatu, kisha upande wote ukaenda na kenchi zake. Mvua ikaingia kama inamwagwa kwa ndoo. Wanafunzi wangu 23 wa Kidato cha Tatu walitoka wazima wote, ila mmoja aliyechanika kiganja. Kwa hilo namshukuru Mungu kila asubuhi.

Ukutani tulikuwa tumebandika mradi wetu.

Niueleze mradi wenyewe, kwa sababu nauonea fahari. Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, lakini kuanzia cha Tatu mwanafunzi anachagua. Hawa 23 walikichagua wenyewe, ingawa baadhi yao wana bibi na babu wanaokumbuka Kiswahili kuwa lugha ya askari tu, lugha ya kuamriwa ulale chini. Nilitaka wakione kilivyo midomoni mwa watu wanaokula na kuuziana nacho. Basi tukaamua kutunga kamusi ya soko la Mpondwe, pale mpakani, ambako akina mama wa Kasindi huvuka kutoka Kongo na bidhaa zao. Kila neno lina kadi yake iliyokatwa kwenye boksi. Upande mmoja neno, upande wa pili maana, sentensi, na kazi ya mtu aliyelitamka.

Maajabu yaliyorudi kutoka sokoni siwezi kuyamaliza. Kisamvu cha kitabuni, mama wa ng'ambo anakiita sombe. Mchicha, ambao sisi tunauita dodo, kwake ni lengalenga. Ugali wa kitabuni ni posho katika bwalo letu la shule, na kwa jirani zetu ni bugali. Samaki mkavu wa chumvi ni makayabo, na mwanafunzi aliyelileta neno hilo alirudi akinuka makayabo yenyewe, maana aliombwa kwanza asaidie kupanga mzigo. Tulifika kadi 340. Upepo ulipopita, ukuta ulikuwa umebaki na gundi.

Siku ya pili kila mmoja alikuwa na jina lake kwa kile kilichotupata. Mmoja akasema tufani, mwingine chamchela, na wengi wakasema kimbunga, kwa sababu wamelisikia neno hilo redioni. Hilo lilikuwa somo zuri, tukalisoma tumesimama kwenye tope. Kimbunga chenyewe huzaliwa baharini, juu ya maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, na ili kianze kujizungusha kinahitaji msaada wa mzunguko wa dunia. Msaada huo ni hafifu sana karibu na ikweta, ndiyo maana vimbunga kwa kawaida havizaliwi ndani ya digrii 5 kutoka kwenye mstari huo. Nasi ikweta tunayo mlangoni: inakatiza barabara ya kutoka Kasese kwenda Katunguru, na wanafunzi wangu wameshapiga picha pale. Kilichotupiga sisi ni hewa baridi iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu la radi, ikafika ardhini na kutawanyika kwa kasi. Haikuchukua dakika kumi.

Nikawasimulia Unguja, iliyo kwenye digrii 6 kusini ya ikweta. Vimbunga ni nadra huko, lakini kimoja kilifika Aprili 1872, wakati wa Sultani Barghash, kikang'oa mikarafuu na kuvunja majahazi bandarini. Pemba iliponea kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Mkarafuu ukiupanda leo unangoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo miaka yote ya kungoja watu wa Unguja walikuwa wanafanya nini?" Nilimwambia walipanda upya, na walipanda na minazi. Lakini swali lake lilikaa nami hadi kikao cha walimu cha Jumatatu.

Kikaoni hoja ilikuwa moja: miradi yote isimame mpaka paa lirudi. Simlaumu mtu. Mwalimu Mkuu alikuwa hajalala siku tatu, akihesabu mabati na kupokea simu za wazazi. Bustani ya magunia ya kundi la kilimo ilikuwa imelala chini, na sabuni ya maji ya Kidato cha Pili ilikuwa imejaa maji ya mvua. Mwenzangu mmoja akasema kwa upole kwamba tathmini endelevu ni asilimia 20 tu ya matokeo ya Kidato cha Nne, mtihani ndio wenye 80, na alama za mradi tutazijaza baadaye. Nikaomba kusema. Nilisema kwamba watoto hawa wamepoteza paa, na wengine nyumbani pia mabati yameenda. Tukiwaambia na kazi yao isubiri, tutakuwa tumeondoa kitu cha mwisho kinachowafanya wavae sare asubuhi waje kukaa uwanjani. Sauti ilinitetemeka, na sioni aibu kuandika hivyo. Mwalimu Mkuu akaniangalia, akasema, "Haya Mwalimu, endelea. Ila karatasi sina ya kukupa."

Karatasi hatukuhitaji. Tulihitaji kutafuta.

Tulitafuta siku mbili. Kadi zilikuwa kwenye mibuni ya jirani, juu ya choo cha wavulana, mferejini, nyingine zimegandamana na majani ya migomba. Bibi mmoja alituletea kumi na moja alizozikuta kwenye banda la mbuzi wake, amezifuta kwa kanga. Tukazianika juu ya mkeka, kila moja na kijiwe chake.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo halijanitoka. Mwanzo wa mradi tulikuwa na kalamu nene za rangi chache, na waliozishika walikuwa wale ambao wazazi wao waliweza kununua. Kadi zao zilikuwa nzuri ajabu, nyekundu na bluu, zinasomeka kutoka mlangoni. Waliokosa waliandika kwa peni za kawaida, herufi nyembamba, na nakumbuka mmoja aliwahi kuniomba radhi kwamba yake haipendezi ukutani. Sasa mvua ilikuwa imeyeyusha rangi zote. Unashika kadi, unaona wingu la bluu, neno halipo. Wino wa peni una mafuta ndani yake, maji hayauwezi. Kadi 214 zilizosomeka, karibu zote zilikuwa za peni. Kijana yule aliyeniomba radhi alisimama mbele ya mkeka akasoma zake moja baada ya nyingine kwa sauti, na darasa zima likawa linaandika upya kutokana na za kwake.

Kusoma tunasomea kanisani kwa zamu, Kidato cha Nne asubuhi na sisi mchana. Siku ambazo kanisa lina shughuli tunakaa chini ya turubai kando ya jiko. Wazee wengine walipendekeza mwembe mkubwa wa uwanjani, una kivuli kizuri kweli, lakini wingu likitanda sikubali mtoto akae pale. Mwaka 2011 kule Kiryandongo radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi, nao walikuwa darasani. Mti mmoja mrefu katikati ya uwanja sitauamini.

Hapo kwenye turubai ndipo sarufi ilipotujia yenyewe. Kila ngurumo ikisikika mbali, mtu hupiga kelele, "Anueni!" nao wanakimbilia kadi. Kuanika, kuanua. Nikawaambia waorodheshe maneno yote ya namna hiyo yaliyotupitia mwezi huu. Kubandika na kubandua. Kufunika na kufunua. Kuziba na kuzibua, la mferejini hilo. Kisha mmoja akauliza: ikiwa kuweka paa ni kuezeka, kilichofanywa na upepo ni nini? Wakakisia kuezekua, wakakisia kuezekoa. Nilipoandika KUEZUA ubaoni (ubao wenyewe umeegemezwa kwenye pipa la maji) kulikuwa kimya. Lugha ilikuwa na neno kamili kwa mkosi wetu, fupi, tayari, tangu zamani. Kauli ya kutendua nimeifundisha miaka tisa kwa mifano ya vitasa na milango, na sijawahi kuona nyuso zile.

Ijumaa iliyopita alikuja mzee fundi aliyeitwa na kamati ya wazazi kukagua kuta. Wanafunzi wakamzunguka na kadi tupu. Nilidhani atawafukuza, lakini alikaa juu ya tofali akawapa maneno kwa saa nzima: boriti, kenchi, papi, geji. Wengi wao walidhani bati la geji 32 ni nene kuliko la 28, akawacheka, akawaeleza kwamba namba ikikua bati linakuwa jembamba. Kisha akawapandisha ukutani kwa macho. "Wanangu, mnaona waya wowote umetokeza juu ya ukuta?" Hakukuwa na waya. Mbao zilikuwa zimelazwa juu ya matofali, zikapigiliwa misumari michache, basi. Waya ulipaswa kupandishwa kutoka safu kadhaa chini, ndani ya ukuta, ukaja kufunga kenchi juu. Aliyejenga aliuacha.

Hasira ilinipanda, siwezi kuficha. Miaka yote nimesimama chini ya paa lile nikifundisha watoto wa watu. Mzee hakutaja jina la mtu, nami sitataja. Aliitoa tu koleo mfukoni, akawaonyesha jinsi waya unavyosokotwa, mara tatu kwenda kulia, na ncha inakunjwa ndani isimchome mtu. Msichana yule wa swali la Unguja akaandika kadi tatu kabla hajamaliza kusokota.

Kijana mmoja ambaye nyumba yao nayo iliezuliwa alikuwa hajaonekana tangu siku ile. Leo mchana amekuja. Sare hana, amevaa shati la kaka yake. Hakusema habari nyingi, nami sikumdadisi. Alinipa kadi nne alizoandika nyumbani kwenye boksi la sabuni, maneno ya baba yake wakati wakinyoosha mabati yaliyopinda kwa nyundo. Moja sikuwa nalijua.

Wazazi wamepata mabati ya nusu ya paa, na kesho saa mbili asubuhi mzee atakuja na waya. Wavulana wawili na msichana wangu wa maswali wameomba kushika ngazi. Nimewaambia waje, na kila mmoja awe na peni mfukoni.