Paterni ya matumizi ya maji, usikopi ya mji wa watu

Naona vijana wengi wanaojifunza EPANET (ile programu ya bure ya mamlaka ya mazingira ya Marekani, ya kuigiza mtandao wa mabomba ya maji kwenye kompyuta) wanachora mabomba vizuri, tenki lipo, pampu ipo, kila nodi (yaani sehemu ya mtandao watu wanapochotea maji) wanaipa lita zake za wastani, presha zinatoka safi basi wanafurahi. Sasa jamani huo wastani nani anautumia? Hapa Kigoma saa 12 asubuhi kila nyumba inachota, saa 8 usiku mji umelala.

Ndo maana kuna paterni, yaani mstari wa vizidisho, kila saa na chake. Nodi ya lita 2 kwa sekunde ukiipa 1.8 asubuhi inavuta 3.6, usiku ukiipa 0.3 inavuta 0.6, na hapo ndo unaona tenki linajaa usiku linashuka asubuhi na wale wa juu mlimani presha inawaishia. Ila wastani wa vizidisho vyote uwe 1, la sivyo umeshabadilisha maji ya mji mzima kimyakimya. Alafu saa zinachanganya, programu inaanza kuhesabu saa 6 usiku, kwa hiyo ile saa 12 asubuhi ni kizidisho cha 7 sio cha 12! Na ukigeuza hatua, yaani muda wa kila kizidisho, kuwa masaa mawili ukaacha vizidisho 24, siku yako imekuwa ya masaa 48 na programu hailalamiki.

Kinachonikera zaidi ni kukopi paterni ya kwenye mafunzo ya Ulaya. Chukua Ujiji mwezi wa Ramadhani, watu wanaamka daku, jioni majiko yote yanaandaa futari, hiyo paterni ya Ulaya itakuambia nini?

Na kwenye mgao ndo balaa, maana ukisoma mita ya eneo hupimi mahitaji ya watu, unapima valvu ilifunguliwa saa ngapi. Maji yakitoka tu kila mtu anakimbilia madumu na simtanki, mita inaruka juu, baadae inatulia. Mi eneo la mgao naliwekea paterni yake, sifuri valvu ikifungwa, kilele ikifunguliwa, na mahitaji halisi nayatafuta kwenye mtaa wenye maji masaa 24. Hata huko maji ya usiku wa manane mengi ni uvujaji, kwa hiyo yatoeni kwanza kabla hamjagawa vizidisho.