Siku moja na kioo cha mashine ya maziwa

Simu ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaizima kabla mtoto hajaamka. Umoja yenyewe, mtaa wetu hapa Nairobi, ilikuwa macho zamani. Makanga walikuwa wanaita "Tao, tao, beba!" na mama wa mandazi chini ya ploti alikuwa ameshamaliza beseni la kwanza. Nilinywa chai ya rangi nikiwa nimesimama, nikakifunga kioo ndani ya taulo, nikalivaa begi kifuani. Kioo cha inchi 7 hakibebwi mgongoni ndani ya matatu ya asubuhi.

Kwenye Jogoo Road foleni ilikuwa ile ile ya kila siku. Konda akaniangalia nilivyolikumbatia begi, akauliza kama nimebeba mtoto. Nikamwambia nimebeba mashine ya maziwa. Akacheka, akanirudishia chenji.

Sikuwa nimemdanganya. Mashine hizi za mtaani, zile watu wanaziita ATM ya maziwa, unaenda na chupa yako, unalipa, zinakumiminia. Mteja wetu alikuwa na moja yenye vitufe vya plastiki, na vitufe vilikufa kwa maji na sabuni. Akataka kioo cha kugusa. Akili tuliyoitia ndani ni BeagleBone Black, bodi ndogo ya kutoshea kiganjani iliyotoka 2013, yenye prosesa ya AM335x ya Texas Instruments inayokwenda kwa GHz 1 na RAM ya MB 512. Kioo hakiungwi humo moja kwa moja. Kinabebwa na bodi ya nyongeza inayochomekwa juu yake, na bodi za namna hiyo mafundi tunaziita kepi.

Saa mbili kasorobo nilikuwa nimefika karakana. Tuko ghorofa ya pili karibu na Kirinyaga Road. Chini yetu wanauza spea za magari, kwa hiyo siku nzima tunalehemu huku mtu akigonga chuma. Mwanafunzi wetu wa mafunzo alikuwa ameshafagia na kuchemsha maji. Anasomea umeme, ana wiki ya tatu kwetu, na anaandika kila kitu kwenye daftari, hata matusi ninayoitukana kompyuta.

Saa mbili na robo nilichomeka kepi. Pini 46 upande huu, 46 upande ule, zote ziingie sawa kabla hujakandamiza. Nilitumia umeme wa volti 5 na ampea 2 kutoka kwenye adapta, maana USB ya laptopu haitoshi: ukiwasha taa ya kioo, bodi inazimika na kuwaka upya kama inayopepesuka. Nikawasha.

Kioo kikawa cheupe pe.

Mteja akiona hivyo anadhani kioo kimekufa, na fundi wa pupa atakimbilia kununua kingine. Kwenye bodi yetu taa ya nyuma huwaka yenyewe ikipata umeme. Weupe maana yake ni kwamba taa ipo ila picha haijafika. Kwa hiyo niliacha kukiangalia kioo, nikaunga waya wa siriali kwenye zile pini 6 za J1, kasi 115200, nikasoma bodi inasema nini inapoamka.

Hapa inafaa nieleze jambo moja, kwa sababu nusu ya asubuhi iliishia humo. Kila kepi inatakiwa kuwa na chipu ndogo ya kumbukumbu, EEPROM, iliyobeba kitambulisho chake. Chipu hiyo inakaa kwenye laini za I2C, waya mbili ambazo chipu huzungumzia, pini P9_19 na P9_20, kwa anwani kati ya 0x54 na 0x57. Anwani unaichagua kwa swichi mbili ndogo, ndiyo maana kepi zinazoweza kupandana ni nne tu. Bodi inapoamka, U-Boot, programu ndogo inayoiamsha, anapita kama askari wa getini: nani yuko juu? Anatarajia kusoma kwanza AA 55 33 EE, kisha jina la bodi, toleo, mtengenezaji na namba ya kifaa. Akishakujua, ndipo anapokuchukulia faili lako na kuliunganisha kwenye mti wa vifaa, ile orodha inayoiambia Linux, mfumo unaoendesha bodi, ni kitu gani kimeungwa wapi.

Nikaandika i2cdetect -y -r 2, amri ya kuuliza nani yuko kwenye laini hizo. Anwani 0x54 ilijibu. Nikasoma kilichomo: FF, FF, FF, hadi mwisho. Kepi ilikuwa imetoka kiwandani na kitambulisho kisichoandikwa hata jina.

"Sasa askari amfanyeje?" mwanafunzi akauliza.

"Amuache nje."

Nikamtambulisha mwenyewe. Ndani ya faili la /boot/uEnv.txt kuna mstari wa uboot_overlay_addr4 ambapo unaandika kwa mkono faili la kifaa unachotaka kipakiwe. Nikaandika, nikawasha upya, nikasimama na kikombe mkononi nikingoja kushangiliwa. Nyeupe pe tena.

Saa nne kasoro ndipo nilipoona. BeagleBone Black ina tundu la HDMI, na picha inayokwenda HDMI inapitia pini zile zile zinazohitajiwa na kioo chetu, kuanzia P8_45 na P8_46 na jirani zao. Pini moja kwenye prosesa hii inaweza kupewa kazi hadi nane tofauti, lakini kwa wakati mmoja inafanya moja tu. HDMI alikuwa amepanda mapema, ameketi, na sisi tumesimama mlangoni na tiketi mkononi. Dawa ilikuwa ndani ya faili hilo hilo: mstari wa disable_uboot_overlay_video=1, wa kuizima HDMI, una alama ya reli (#) mbele yake inayofanya usisomwe. Futa reli, hifadhi, washa upya. Nilizima na sauti ya HDMI pia, kwa kuwa mashine ya maziwa haina wimbo.

Pengwini, nembo ya Linux, akatokea kona ya juu kushoto. Mwanafunzi akapiga makofi.

Onyo moja kwa atakayejaribu: pini hizo za picha ndizo pia prosesa inazozisoma sekunde ya kwanza ya kuamka, ili ijue itafute mfumo wake kwenye kadi au kwenye kumbukumbu ya ndani. Ukiunga kitu kinachozivuta juu au chini wakati huo, bodi haitaamka kabisa na hutapata ujumbe wowote wa kosa. Mimi nilijifunza hilo mwaka juzi kwa kupoteza wikendi nzima.

Saa tano, chai na mandazi mawili, kisha mguso. Tulichagua makusudi kioo cha kubonyeza, si kama cha simu. Kioo cha simu husoma umeme wa ngozi, na tone la maji humchanganya. Muuza maziwa ana mikono mibichi kutwa. Hiki chetu kina tabaka mbili angavu zenye mwanya katikati; ukibonyeza zinagusana. Prosesa inapitisha umeme kwenye tabaka moja na kupima volti kwenye la pili, halafu inabadilisha zamu, na hivyo inapata mlalo na wima. Waya nne, pini P9_37 hadi P9_40, na vipimo vinatoka kati ya 0 na 4095. Pini hizo hazivumilii zaidi ya volti 1.8. Mwanafunzi aliandika hilo na kulipigia mistari miwili, vizuri sana. Kwa bahati zinabaki njia tatu nyingine za kupimia, na moja tuliishaiwekea kipimajoto cha tangi.

Mara ya kwanza nilibonyeza juu kulia, kishale kikaenda chini kushoto. Hiyo ni kawaida. Ukiendesha ts_calibrate inakuonyesha misalaba mitano, pembe nne na katikati, unabonyeza kila mmoja kwa ncha ya kalamu isiyo na wino, yenyewe inakokotoa na kuandika safu ya namba kwenye faili la pointercal. Dakika mbili, imekwisha. Nikafunga kioo kwenye fremu ya bati tuliyotengenezewa Kamukunji, skurubu nne, nikaenda kula.

Chapati madondo. Stima zikapotea nikiwa naosha mikono, zikarudi baada ya dakika arobaini.

Saa nane na nusu tuliunga pampu kwenye ndoo ya maji ili tujaribu mashine nzima. Mwanafunzi alikuwa ananisomea kitu kwenye daftari lake. Tukasikia maji. Pampu ilikuwa inamimina, hakuna aliyeigusa, ndoo ya pili ikajaa, ikafurika, maji yakaelekea kwenye soketi ya sakafuni. Nilichomoa waya kwa mguu.

Fikiria hayo yangekuwa maziwa ya watu.

Niliwahi kuona miguso ya uongo kwenye prosesa hii, kwa hiyo nilijiona najua. Kwenye mti wa vifaa kuna kipimo kinaitwa ti,charge-delay, muda wa kungoja umeme utulie kabla ya kusoma. Ushauri ni kuanza chini, 0x400, yaani 1024, kisha upandishe kidogo kidogo. Nikapandisha. Nikaongeza pia mara za kusoma kila nukta. Na hapo kuna kichekesho: aliyeandika jina la kipimo hiki cha pili zamani alikosea herufi, akaandika coordiante badala ya coordinate, kosa likaingia ndani ya Linux, vifaa vikasambaa nalo, na mpaka leo programu hujaribu kwanza jina sahihi, ikikosa inajaribu lile lenye kosa. Nilimwonyesha mwanafunzi kwenye msimbo wenyewe. Alifurahi kuliko alivyomfurahia pengwini.

Lakini pampu iliendelea kujiwasha. Saa tisa, saa tisa na nusu. Nilikuwa natibu ugonjwa mwingine: ule muda wa kungoja unasaidia kidole kinapokuwa bado chini na mashine ikadhani kimeinuka. Sisi shida yetu ilikuwa kidole ambacho hakipo kabisa.

Niliwasha evtest, ile programu inayochapa kila mguso, tukakaa mbali na kioo. Mistari ikaanza kushuka yenyewe. Mlalo 188, 190, 189, 190. Mwanafunzi akainama karibu.

"Fundi, mbona namba hazirukiruki?"

"Vipi?"

"Ulisema umeme mchafu unarukaruka. Hii imetulia. Ni kama kuna kitu kimebonyeza kweli." Akanyoosha kidole, bila kugusa, kwenye ukingo wa kushoto. "Hebu legeza hizo skurubu."

Nikalegeza mbili za kushoto, nusu mzunguko kila moja. Mistari ikakoma.

Fremu ilikuwa imebana kwa upana wa kama milimita moja. Ukingo wa bati ulikuwa unazikandamiza tabaka mbili za kioo zikigusana, na kitufe cha lita 1 tulikuwa tumekichora hapo hapo. Nilikuwa nimesawazisha kioo kikiwa mezani, uchi, kila kitu kikaenda vizuri, kisha nikakivalisha nguo inayombana na kulaumu akili yake. Nikachukua tupa, nikalipunguza bati pole pole, tukaweka ukanda mwembamba wa sponji pande zote nne, tukafunga, na tukarudia misalaba mitano fremu ikiwa mahali pake. Saa moja nzima evtest haikuchapa hata mstari mmoja wa uongo. Muda wa kungoja niliurudisha 0x400.

Saa kumi na moja na nusu jioni tulikuwa kibandani kwa mama wa maziwa, huku huku Umoja, mitaa mitatu kutoka kwangu. Aliufungua mlango wa mashine, akachungulia waya, akaguna. Kisha akachovya mkono kwenye beseni la kusuuzia chupa na kubonyeza kioo ukiwa unachuruzika. Nusu lita ikamiminika. Akajaribu kwa ukucha. Akajaribu kwa glavu. Yote yakakubali.

"Haya, mwanangu. Hii imenipenda."

Mtoto wa kama miaka minane akaja na chupa ya soda na sarafu zake ndani ya ngumi. "Shosho, maziwa ya thelathini."

Mama akakitazama kioo. Nusu lita. Lita 1. Lita 2. Akanitazama mimi.

"Na ya thelathini iko wapi?"

Mwanafunzi alikuwa ameshafungua daftari. Ya 20, ya 30, ya 50, ya 100, mama akawa anahesabu kwa vidole, na ya 10 pia, kuna wa chai moja. Vitufe vitano pamoja na vile vitatu, kwenye nukta 800 kwa 480, na kile cha kwanza kitaangukia tena ukingo wa kushoto. Niliulizia nichukue kioo nirudi nacho, akakataa. Akasema kwa usiku huo atawahesabia wateja mwenyewe.