Mwendo wa Watoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nabii Eliya aliyelala chini ya mretemu, ule mti mdogo wa jangwani, hajaniacha, na ni baiskeli iliyonirudisha kwake.

Wanaonifahamu wanajua nilivyokuwa. Jua likichomoza lilinikuta barabarani, naomba, naimba tenzi njia nzima. Ile ndiyo ilikuwa saa yangu na Mungu. Halafu hamu ikaondoka, wala haikuondoka kwa kishindo. Kulikuwa na asubuhi ya mvua, ikafuata wiki ya kazi nyingi, kisha mafua, na baada ya hapo sikuwa tena na sababu ya kutaja. Mwili mzito, moyo umepoa, basi. Baiskeli ikaegemea ukuta mpaka matairi yakawa bapa. Tairi halihitaji msumari ili liishe upepo; upepo hupenya taratibu kwenye mpira wenyewe, hata baiskeli ikiwa ndani na hakuna aliyeigusa. Cheni nayo ikaanza kushika kutu pale oili ilipokauka.

Nikajiombea nguvu, nikajikemea, nikajiita mvivu mbele za Mungu. Ndipo nikafungua 1 Wafalme 19 na kusoma polepole. Nabii ameomba afe. Malaika hakumhutubia. Alimgusa tu: "Inuka, ule." Akala mkate uliookwa juu ya makaa, akanywa maji, akalala tena, na Bwana akamwacha alale! Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile, akisema safari ni kubwa mno kwake. Lile swali zito, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilimngoja Horebu, mlima wa Mungu, baada ya siku 40.

Tunawahi mno kuita uchovu dhambi. Mwili unaoendeshwa bila kupumzishwa hutoa dalili zake, na walimu wa mbio wanazijua: usingizi unaharibika, moyo unadunda haraka hata ukiwa umelala, miguu inakuwa mizito, hasira inakuwa karibu, na hamu ya mchezo wenyewe inakufa. Tom Dumoulin, Mholanzi aliyeshinda Giro d'Italia, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia, mwaka 2017, alisimama Januari 2021 akasema wazi kwamba anahitaji muda wa kujitafakari. Alirudi mashindanoni mwezi Juni, na Julai hiyohiyo akapata medali ya fedha ya mbio dhidi ya saa kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mwaka uliofuata alistaafu kabisa, nami sioni aibu yoyote hapo. Kuna aliyepumzika akarudi, na kuna ambaye njia yake imeishia pale. Mungu anawajua wote wawili.

Ila mimi nilikuwa nimeshapumzika vya kutosha. Kilichobaki kilikuwa ni kungoja hamu inirudie kwanza ndipo nitoke, na hamu haikuwa na mpango wa kuja. Kanisa la Efeso waliuacha upendo wao wa kwanza, na Bwana hakuwaagiza wakae mpaka wausikie tena mioyoni. Aliwaambia wakumbuke walikoanguka, watubu, wakayafanye matendo ya kwanza. Matendo, wapendwa. Mikono ikitangulia, moyo unafuata nyuma.

Kwa hiyo nikaanza na mikono. Nilichukua kitambaa kikuukuu, nikafuta cheni, nikaitia oili tone kwa tone nikizungusha pedali kinyumenyume, mpaka ile sauti ya kukwaruza ikageuka kuwa mlio laini. Nikajaza upepo. Siku ile sikuendesha hata kidogo, na nililala nimeridhika. Kesho yake nikatoka safari fupi, simu nikaiacha nyumbani, maana ile programu ya kupima kasi na umbali ilikuwa imeanza kuniamulia kama nimefurahi au la. Hata Daudi kuhesabu watu hakukumletea amani.

Kilima kidogo kilinitoa pumzi. Ukikaa wiki chache tu bila mazoezi, damu mwilini inapungua ujazo, na moyo unalazimika kudunda haraka zaidi kwa kazi ileile. Makalio nayo yanakuwa yamesahau kiti. Anayerudi asishangae wala asilie. Vyote hivyo hurudi, tena mara nyingi haraka kuliko alipoanza mara ya kwanza. Furaha haikuja siku ile. Ilikuja baadaye, wakati nateremka taratibu, nikajikuta naimba pambio ambalo sikuwa nimelianzisha kwa makusudi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale barabarani.

Sasa nina neno kwa ninyi mlio na nguvu, mnisikilize kwa upendo.

Katika kundi la baiskeli, anayekaa mbele ndiye anayepasua upepo. Aliye nyuma yake, gurudumu karibu na gurudumu, anaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zake. Maana yake mnyonge anaweza kufika mbali sana ikiwa tu kuna mtu anayekubali kumkinga. Lakini angalieni kinachotokea. Kilimani wenye nguvu wanakwenda zao. Kule juu wanasimama, wanakunywa maji, wanapiga picha, wanapumua. Yule wa mwisho anafika jasho likimtoka machoni, na anapogusa breki tu, wenzake wanasema, "Haya, umefika, twende!" Waliopumzika wanaondoka, na asiyepumzika ndiye anayeambiwa aongeze mwendo. Wiki ijayo haji. Kisha tunaulizana, fulani kapoa kweli, imani yake imekwenda wapi?

Tunafanya hivyohivyo kanisani. Dada amefiwa, akakosa maombi ya alfajiri kwa miezi. Anajitokeza siku moja, na mtu wa kwanza kumsalimia anamwambia, "Leo umetukumbuka?" Kaka alikuwa nguzo ya kwaya, akachoka, akakaa kimya, anaporudi anakabidhiwa ratiba yote kabla hajapata kiti. Jamani, hatuogopi? Paulo anasema imetupasa sisi tulio na nguvu kuuchukua udhaifu wao wasio na nguvu, wala haitupasi kujipendeza wenyewe. Imetupasa. Hakusema tukipata nafasi.

Mkumbukeni Yakobo alipokutana na Esau. Esau ana watu 400 nyuma yake, anataka waongozane. Yakobo akamwambia watoto ni wachanga, na kundi lina wanaonyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, wanyama wote watakufa. Akaomba Esau atangulie, yeye aje polepole kwa mwendo wa wanyama na mwendo wa watoto. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa ametoka kushindana na malaika usiku kucha! Nguvu alikuwa nazo, akachagua kuzipima kwa miguu ya mdogo kuliko wote.

Nawe uliyelala chini ya mretemu, ndugu yangu, sikukemei. Kula. Lala. Ukiamka, shika kitambaa, ufute cheni. Kama kwako ni maombi, piga magoti useme sentensi moja tu kisha unyanyuke. Usijipime na ulivyokuwa mwaka jana.

Nimeshaongea na wenzangu ninaoendesha nao baiskeli Jumamosi. Kuanzia wiki hii aliye dhaifu kuliko wote ndiye atakayeamua mwendo, na juu ya kilima hakuna kuondoka mpaka aliyefika mwisho aseme yuko tayari. Ninyi viongozi wa vikundi vya nyumbani, mpigieni simu leo yule aliyeacha kuja. Msimuulize alipotelea wapi. Muulizeni kama amekula, na kama mnaweza kumpitia siku ya ibada mwende naye.