Kumbukumbu ya mradi: kufungua tuta la zamani horini, Pemba magharibi

Kaskazi, kabla ya masika

Kazi ya kipindi hiki ni tuta. Juu ya bonde kuna mashamba ya karafuu, katikati uwanda wa mpunga, chini hori lenye mikoko linalofunguka upande wa Mkondo wa Pemba. Tuta la udongo lilijengwa zamani kuzuia maji ya chumvi yasiingie mpungani. Kwa kufanya hivyo lilikata mkondo wa maji ya kujaa na kupwa. Mikoko iliyobaki nyuma yake imekauka, na mkizi, chaa na kamba wachanga wamepoteza sehemu yao ya kukulia.

Miche ya mikoko haijapandwa hata mmoja, na ni kwa makusudi. Penye maji yasiyokupwa na kujaa, mche hufa. Mkondo ukirudi sawasawa, mbegu za mchu na mkandaa, ambazo ni aina za mikoko, huletwa na maji yenyewe bila gharama.

Makubaliano yamefungwa mbele ya sheha, kiongozi wa shehia: wakulima wa mpunga, kamati ya uvuvi, kamati ya uhifadhi na ofisa wa misitu. Wavuvi walitaka tuta liondolewe lote. Wakulima walikataa, na walikuwa na haki, maana chumvi ikiingia mara moja shamba linaweza kukosa mavuno. Basi ikakubaliwa tuta la nje lifunguliwe sehemu mbili, pale pale mkondo ulipokuwa ukipita, na tuta jipya fupi lijengwe ndani, ukingoni mwa mpunga, likipita kwa sentimita 30 kimo cha maji ya bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Kimo hicho hakikadiriwi kwa macho. Tumesimamisha miti yenye vikombe vya plastiki vilivyofungwa kila sentimita 10. Bamvu likishakupwa, kikombe cha juu kabisa chenye maji ndicho kipimo. Maji yaonjwe: yakiwa hayana chumvi ni ya mvua, na kipimo hicho kinatupwa. Kimo kinahamishwa hadi kwenye tuta kwa mpira wa maji ambao mafundi ujenzi hupimia usawa, ukiwa hauna mapovu ndani. Povu moja tu linatosha kuharibu kipimo chote.

Asidi

Hili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloua samaki. Tope la mikoko lina madini ya salfa. Likiwa chini ya maji halina madhara. Likikauka nyuma ya tuta kwa miaka, hewa huingia na asidi hutengenezwa. Dalili zake ni mabaka ya manjano kwenye udongo uliopasuka na maji yenye rangi ya kutu. Karatasi ya kupimia asidi ikisoma chini ya 4, mvua kubwa ya kwanza inaweza kuisukuma asidi hiyo horini kwa mkupuo mmoja na kuunguza matamvua ya samaki.

Kwa sababu hiyo tunafungua wakati wa kiangazi, bahari itangulie kuingia. Maji ya bahari yana uwezo wa kupoza asidi, na tope likirudi kulowa, kutengenezwa kwa asidi mpya hupungua. Njia hii imetumika kwa kiwango kikubwa East Trinity, karibu na Cairns, Australia, ambako maji ya bahari yalirudishwa kidogo kidogo yakisaidiwa na chokaa.

Ufunguzi

Kila mwanya umeanza na upana wa mita 1, siku za maji mafu, yaani bahari inapojaa na kupwa kidogo, na utapanuliwa hadi mita 3 baada ya mabamvu kadhaa. Ukichimba upana wote wakati wa bamvu, maji hutoka kwa kasi, hula kingo, na tope huenda kufunika mizizi ya hewa ya mchu upande wa chini. Mizizi hiyo ikifunikwa, mti hukosa pumzi. Udongo uliochimbwa umebebwa kwa matenga hadi kwenye tuta jipya, haukumwagwa pembeni.

Tuta jipya lina bomba la inchi 6 la kutolea maji ya mpungani, na kifuniko cha mpira wa gari kinachoning'inia upande wa bahari. Maji yakijaa hukibana, yakikupwa maji ya mpungani hukisukuma yakatoka. Tatizo lake ni takataka: kuti dogo likinasa, kifuniko hakifungi na chumvi hupanda. Wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 5 umewekwa upande wa ndani, na mkulima wa shamba la karibu ndiye anayeusafisha.

Mianya imekuja na hatari yake. Samaki wote wa sehemu ile sasa wanapita kwenye milango miwili, kwa hiyo anayetandika chandarua pale kwa usiku mmoja anaweza kukomba kizazi chote cha kamba. Kamati ya uvuvi imepiga marufuku chombo chochote, hata wando (uzio wa kutegea samaki) na dema (mtego wa kusukwa), ndani ya mita 50 kutoka kwenye mianya. Bila sheria hiyo ni afadhali tuta lingebaki.

Juu ya bonde

Mchanga unaoshuka mlimani unaweza kuziba mianya tena. Makinga maji yanapimwa usawa kwa fremu ya A, yaani miti iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na kupandwa nyasi za vetiva, shina hadi shina sentimita 15. Wenye mashamba ya karafuu wanaifanya kazi hii wenyewe, ila kipande kilichochimbwa mchanga wa ujenzi bado kiko wazi.

Vipimo vinavyoendelea

Dema zilezile zinategwa sehemu zilezile nyuma ya tuta la nje, mara moja kwa kila bamvu, na zinakaa kwa kujaa kumoja tu kwa maji. Mianya haiguswi. Samaki wanahesabiwa kwa aina, wanapimwa urefu, wanarudishwa hai. Kaa wa mikoko anapimwa upana wa gamba. Asidi inapimwa penye mianya na mita 100 chini yake, asubuhi baada ya kila mvua kubwa.

Miche ya mkoko itafikiriwa baada ya masika mbili, na kwa mapengo yatakayokuwa hayajaota yenyewe. Mbegu zitachumwa pete ya shingoni ikishakuwa ya manjano, zilazwe kivulini kama wiki moja ili kaa wasizitafune sana, kisha zizamishwe tope kwa theluthi ya urefu wake.